Koo Linalouma na Mlango wa Moyo



Mimi si daktari, ni mtumishi wa serikali tu. Lakini jambo nitakalosema nimelibeba kifuani.

Nilipokuwa kidato cha pili niliumwa koo. Nikasukutua maji ya chumvi, nikaendelea na mpira. Baada ya wiki tatu hivi magoti yalivimba, kisha viwiko. Tulidhani ni uchovu wa michezo, kumbe ni homa ya rumatiki. Mwili unapopigana na vijidudu vya koo viitwavyo streptokoki, kinga yake huweza kugeuka ikashambulia milango ya moyo, ile inayozuia damu isirudi nyuma. Milango ikipata makovu hukakamaa, au haifungi sawasawa.

Miaka tisa baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilishindwa kupanda ngazi. Mlango wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ulikuwa umeharibika. Nilipelekwa India. Moyo ulisimamishwa, mashine ikafanya kazi yake na ya mapafu, nami nikatiwa mlango wa bandia. Dk. Albert Starr wa Marekani alifaulu kuweka mlango wa namna hiyo mwaka 1960. Siku hizi upasuaji huu hufanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Namshukuru Mungu, ninaishi. Ila mlango huu una masharti. Damu huweza kuganda juu yake, kipande kikaenda kuziba mshipa wa ubongo. Kwa hiyo nameza warfarini kila siku maisha yangu yote, na damu yangu hupimwa mara kwa mara, maana dawa ikizidi nitavuja damu.

Wadogo zangu, ukiumwa koo pamoja na homa, usijikaze kiume. Nenda zahanati upimwe. Penisilini huwaua vijidudu hao. Na aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki asiache sindano yake ya kila wiki tatu au nne, hata akijiona mzima.

Ndugu Mwenyekiti, tumechangia madawati na jezi. Naomba mwaka huu tuhakikishe penisilini haikosekani katika zahanati ya shule.