Nani Aliyefanya? Riwaya za Upelelezi kwa Msomaji wa Kaunti Yetu

Mazungumzo ya mwalimu mstaafu kwa wasomaji waliokutana maktabani mjini Meru, pamoja na wageni wao kutoka Embu



Nimeombwa nitaje riwaya za upelelezi zinazofaa kusomwa. Kabla sijataja hata moja, nitawasimulia jambo lililotokea kijijini kwetu. Pesa za chama cha akina mama zilipotea. Kabla ya jioni, jina la kijana mmoja lilikuwa limezunguka sokoni, kwenye steji ya bodaboda na kwenye kituo cha kupeleka maziwa. Hakuna aliyemwona akichukua chochote. Kosa lake ni kwamba alipita karibu na nyumba ya mweka hazina, na kwamba aliwahi kukamatwa kwa jambo lingine. Watu walikuwa wameshaokota mawe. Aliyemwokoa ni nyanya mmoja aliyeuliza swali moja tu: "Ni nani aliyezihesabu mara ya mwisho, na alizihesabia wapi?" Pesa zilipatikana ndani ya gunia la maharagwe. Mweka hazina alizificha mwenyewe, akasahau.

Swali la nyanya yule ndilo linaloendesha kila riwaya nzuri ya upelelezi. Ndiyo maana sizihesabu riwaya hizi kuwa za kupoteza muda. Zinatufundisha kusubiri ushahidi. Hata mbele ya wazee wa Njuri Ncheke, mlalamishi husikizwa na mlalamikiwa pia husikizwa.

Kwa anayeanza, ninapendekeza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar. Kilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Mtu mwenye mali anakutwa ameuawa penye mzimu. Wengi wanatishika, na wako tayari kuamini kuwa mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani angefaidika. Sitawaambia alichokipata. Nitasema tu kwamba popote ambapo mtu amewahi kusingiziwa uchawi kwa sababu ya kifo kisichoeleweka, kitabu hiki kingefaa kusomwa kwa sauti. Na wakulima wajue kwamba mwandishi huyu aliwahi kuwa mkaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Alijua kuchunguza. Ukimpenda Bwana Msa, endelea na Kisima cha Giningi, kisha Siri ya Sifuri.

Kwa anayetaka mwendo wa kasi, yuko Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, kilichotoka mwaka 1965. Kisha kuna Watanzania wawili waliowakesha vijana wengi wa miaka ya sabini na themanini. Elvis Musiba alituletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Ben Mtobwa naye alituletea Joram Kiango katika vitabu kama Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu? Humo mna majasusi, bastola na safari za usiku. Mzazi, vitazame kwanza kabla ya kumpa mtoto wa shule ya msingi.

Najua vijana wataniuliza, "Mwalimu, na vya siku hizi?" Vipo, ingawa vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Mukoma wa Ngugi aliandika Nairobi Heat mwaka 2009. Mpelelezi Mmarekani mweusi anasafiri hadi Nairobi akifuata kesi ya mauaji, na huko anagundua kwamba sifa njema ya mtu inaweza kuficha mengi. Kitabu kilichofuata, Black Star Nairobi cha 2013, kinagusa ghasia za uchaguzi wa 2007. Wanjikũ wa Ngũgĩ, katika The Fall of Saints cha 2014, anamfuata mama anayechunguza jinsi mtoto wake alivyopatikana kwa njia ya kuasiliwa. Na mwaka 2020 Peter Kimani alihariri Nairobi Noir, mkusanyiko wa hadithi fupi za waandishi mbalimbali. Huo unamfaa mtu asiye na nafasi ya kusoma kitabu kizima. Unaweza kumaliza hadithi moja ukisubiri matatu ijae.

Sasa, namna ya kusoma. Chukua daftari kuukuu. Kila mhusika anapotokea, andika jina lake, alisema nini, na ni nani mwingine anayethibitisha. Ukifika sura ya mwisho, funga kitabu. Mwambie mwenzako unamshuku nani, na kwa nini. Kisha fungua usome. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko nilivyopatia, na kila nilipokosea, nilirudi nyuma nikakuta dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeshaamua mapema kwa sababu mhusika fulani sikumpenda. Hilo ndilo funzo lenyewe.

Kuhusu pa kuvipata: Meru kuna maktaba ya umma, na Embu vilevile. Muulizeni mkutubi. Kitabu kisipokuwepo, ombeni kitafutwe. Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo, wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, mtu asione haya kusimama na kusema, "Barabara tunaitaka, maji tunayataka, na vitabu pia tunavitaka."

Kijana yule wa pesa za chama yuko hai. Ana mke na watoto wawili, na analima ndizi. Kila nikimwona akipita na mkokoteni wake, nakumbuka jinsi tulivyokaribia kumpoteza kwa sababu hakuna aliyeuliza swali. Someni, ndugu zangu, mjifunze kuuliza.