Filimbi Iwe Moja kwa Wote

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Kasoli, Bariadi)



Leo tuzungumze juu ya refa. Refa wa mpira wa miguu tunamjua sote. Lakini nataka tumtazame refa wa mpira wa kikapu, maana kazi yake ni ngumu sana. Uwanja ni mdogo, urefu wake mita 28 tu. Ndani yake wamo wachezaji kumi. Wanakimbia, wanaruka, wanagusana kila mara. Refa akipuliza filimbi kwa kila mguso, mchezo hauendi. Akinyamaza, watu wanaumizana. Kwa hiyo lazima apime. Na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kijana wetu Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa mwaka 2009 kwenda kucheza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Katika ligi ile, mchezaji akifikisha faulo 6 anatoka nje. Katika mashindano ya kimataifa ni faulo 5. Sasa fikirini. Huyu anahesabiwa kila mguso mdogo, yule anaachiwa hata akisukuma mtu. Nani atatoka? Atatoka aliyeonewa, na timu yake itakosa mtu hodari.

Hata wakubwa wa dunia wamevurugana. Mwaka 1972, kwenye fainali ya Olimpiki mjini Munich, Marekani ilikuwa na pointi 50, Wasovieti 49. Zilibaki sekunde 3. Sekunde hizo zilirudiwa, zikarudiwa tena. Safari ya tatu Wasovieti wakatia kikapu, wakashinda 51 kwa 50. Wamarekani walikata rufaa, wakashindwa. Basi wakakataa kupokea medali zao.

Jambo baya zaidi lilitokea mwaka 2007. Refa mmoja wa NBA, Tim Donaghy, alikiri kosa mahakamani. Alikuwa akicheza kamari kwa michezo aliyoichezesha yeye mwenyewe! Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Haikuthibitishwa kwamba alipuliza filimbi kwa hila. Lakini nani angemwamini tena?

Ndugu zangu, ninyi ni wakulima wa pamba. Mizani mnaijua. Mizani ikiharibika, fundi anaitengeneza. Lakini mizani inayompima huyu hivi na yule vile, hiyo inavunja kijiji. Refa ni binadamu, atakosea. Kukosea kunasameheka. Kupendelea hakusameheki.

Tufanye nini basi katika michezo ya vijana wetu?

Kwanza, kanuni zisomwe mbele ya timu zote kabla ya mchezo. Ninyi sasa mnajua kusoma. Msikubali kuambiwa tu, "ndivyo sheria inavyosema." Ombeni kitabu, someni wenyewe.

Pili, refa asiwe ndugu wa upande wowote, wala asiwe amebeti. Siku hizi kamari imeingia mpaka kwenye simu za vijana wetu.

Tatu, faulo na pointi ziandikwe, na kila timu ione karatasi.

Nne, mwenye malalamiko ayaandike. Tangu mwaka 2015 NBA hutangaza makosa ya marefa wake katika dakika 2 za mwisho za michezo iliyokaribiana. Matokeo hayabadiliki, lakini ukweli unajulikana. Kalamu haivunji kichwa cha mtu. Rungu linavunja.

Vijana wakiona haki uwanjani, wataitaka pia kwenye mizani na kwenye baraza. Wakizoea upendeleo wakiwa wadogo, watatuongoza kwa upendeleo wakiwa wakubwa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kukosea na kupendelea vinatofautianaje?
2. Katika kijiji chako, nani anamchagua refa?
3. Ni wapi pengine tunapohitaji filimbi iliyo moja kwa wote?