Kichaka cha Majani ya Fedha

Katika jimbo la Altai huko Siberia, ambako majira ya shitaa huishusha halijoto hata kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri, husitawi kichaka chenye miiba, kiitwacho hipofae, ambacho majani yake membamba hung'aa kama fedha na matunda yake madogo ya rangi ya machungwa huyafunika matawi, makali kwa uchachu lakini yenye vitamini C kwa wingi.

Aazimiaye kukipanda bustanini hana budi kufahamu kwamba miche yake imegawanyika, dume na jike, na kwamba upepo, wala si nyuki, ndio uchukuao chavua. Basi pasipo dume jirani, mche jike hautazaa hata tunda moja, hasara ambayo aghalabu huwapata wanunuao bila ya kuuliza. Dume mmoja hutosheleza majike sita hivi. Kipewe jua kamili na udongo usiotuamisha maji. Mbolea ya naitrojeni si lazima, kwani vijidudu viishivyo mizizini mwake huipata hewani. Machipukizi ya mizizi yang'oeni mapema, la sivyo yataimiliki bustani nzima.