MABAHARIA, KIMBUNGA, NA SAUTI YA MTU WA CHINI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu alituomba tuseme machache juu ya usalama kazini. Sisi ni watu wa reli, hatukulelewa baharini. Lakini tumechagua kuwaeleza habari za mabaharia wanaokifuatilia kimbunga, kwa sababu tulipoisoma habari yao tuliona ni habari yetu wenyewe.

Huku kwetu vimbunga si vya kila mwaka. Karibu na ikweta upepo haupati nguvu ya kuzunguka, na Mombasa iko digrii 4 tu kusini ya ikweta. Lakini pwani yetu haikusalimika kabisa. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja vyombo na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1952 kilipiga Lindi. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliharibu mji wa Beira kule Msumbiji, mji wa bandari na wa reli. Na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nguvu zake zikiwa zimekwisha kupungua. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali.

Sasa, baharia hukifuatiliaje kimbunga? Zamani, kabla ya redio, nahodha alikuwa na macho yake na barometa, yaani chombo cha kupimia uzito wa hewa. Dalili ya kwanza ni mawimbi marefu yanayokuja polepole kutoka mahali ambako hauoni upepo wowote. Hayo hutangulia mbele ya kimbunga kwa mamia ya maili. Kisha barometa huanza kushuka. Kisha huja upepo, na upepo wenyewe humwambia adui yuko wapi. Katika bahari yetu ya kusini, baharia akiukabili upepo uso kwa uso, jicho la kimbunga liko mkono wake wa kushoto, nyuma kidogo ya bega. Kaskazini ya ikweta liko mkono wa kulia. Akiona upepo haugeuki, na barometa inazidi kushuka, basi ajue amesimama katika njia yake.

Siku hizi kuna setelaiti. Wataalamu huangalia kimbunga kutoka juu, wakapeleka habari melini kila baada ya masaa 6. Msaidizi wa nahodha huchukua ramani na penseli, akatia alama mahali kilipo, akaandika na saa. Habari nyingine ikija, hutia alama nyingine. Lakini baharia mwenye akili hauamini sana mstari unaoonyesha kinakokwenda. Treni hufuata reli, kimbunga hakina reli. Kwa hiyo mabaharia wana desturi ya kuongeza nafasi ya tahadhari: kwa utabiri wa siku 1 huongeza maili 100 za bahari, kwa siku 2 maili 200, kwa siku 3 maili 300, tena juu ya upana wa upepo mkali wa kimbunga chenyewe. Meli haifai kuingia ndani ya mzingo huo.

Ndugu zetu, hayo yote yanajulikana. Basi kwa nini watu bado hufa?

Usiku wa tarehe 29 Septemba 2015, meli ya mizigo iitwayo El Faro iliondoka Jacksonville, Marekani, kwenda San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico. Ilikuwa na umri wa miaka 40, imepakia makontena na magari, na ndani yake walikuwamo watu 33. Wakati huo kimbunga Joaquin kilikuwa kinakua katika bahari ya Atlantiki. Watabiri walidhani kitageuka kwenda kaskazini. Hakikugeuka upesi. Kilishuka kusini-magharibi kuelekea visiwa vya Bahamas, kikizidi nguvu, na meli ilikuwa inakwenda huko huko.

Habari zilifika melini kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa maandishi matupu yaliyoingia kwa setelaiti pale juu meli inapoongozwa, nayo yalikuwa mapya. Ya pili ilikuwa ramani ya rangi iliyotumwa kwa nahodha kwa kompyuta. Hiyo ilipendeza macho na ilikuwa rahisi kusoma, lakini habari zake zilikuwa zimechelewa kwa masaa. Nahodha aliitegemea ile ramani. Na chombo cha kupimia upepo melini hakikuwa kizima.

Yapata saa 5 usiku wa tarehe 30, msaidizi wa tatu alisoma habari mpya, akampigia nahodha simu chumbani mwake, akamwonya kwamba wanakaribiana mno na kimbunga. Nahodha hakubadili njia. Saa 7.20 usiku msaidizi wa pili, naye ni mwanamke, alipiga simu tena. Alikuwa amekwisha kuitazama ramani na kuona mlango kati ya visiwa, wa kupitia kusini na kumkimbia adui. Akaambiwa waendelee na njia ile ile. Basi wakaendelea.

Kufika alfajiri, maji yalikuwa yameingia katika ngama ya mizigo, na meli ikalala upande. Ilipolala, bomba likashindwa kuvuta oili ya mashine. Nyinyi mafundi mnajua mashine isiyopata oili hufanya nini. Mashine ikasimama. Meli isiyo na mashine ndani ya kimbunga ni kama behewa lililokatika mlimani, haina wa kuishika. Amri ya kuacha meli ilitoka karibu saa 1.30 asubuhi, tarehe 1 Oktoba. Dakika chache baadaye meli ikazama. Mashua zake za kuokolea zilikuwa za wazi, za mtindo wa zamani. Hakupona hata mmoja.

Tunayajua haya kwa sababu meli ilikuwa na chombo cha kunasa sauti, nacho kilitolewa chini ya bahari mwaka 1ufuatao, 2016, kwenye kina cha futi 15,000 hivi. Kilikuwa kimenasa masaa 26 ya maneno ya watu wale. Halmashauri ya serikali ya Marekani ilisikiliza yote, na mwaka 2017 ikatoa hukumu yake. Ilisema nahodha hakutumia habari zilizo mpya na hakukwepa kimbunga. Lakini haikuishia kwake. Ilisema pia kwamba wale waliokuwa zamu hawakusikilizwa ipasavyo, wala wao hawakusema kwa nguvu ya kutosha, na kwamba kampuni haikusimamia usalama wa meli zake kama inavyopasa.

Hapo ndipo tunapotaka mtege masikio. Habari ilikuwamo melini. Haikuwa imepotea. Ilikuwa mikononi mwa mtu wa cheo cha chini, naye aliitoa mara moja, akajibiwa, akanyamaza. Sisi tusimcheke. Nani kati yetu angempigia bwana mkubwa simu mara ya tatu, saa nane ya usiku?

Wale tuliosoma shule za misheni tunakumbuka safari ya Paulo kwenda Roma. Paulo alikuwa mfungwa. Aliwaonya wasitoke bandarini, lakini yule mkubwa wa askari aliwaamini zaidi nahodha na mwenye meli. Meli ikavunjika Malta, ingawa watu wote 276 waliokoka. Kumbe jambo hili ni la zamani sana: neno hupimwa kwa cheo cha msemaji, halipimwi kwa ukweli wake.

Tuje kwetu. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, gengi letu lilikuwa kwenye njia usiku. Nyapara wetu hakupenda mlio wa maji chini ya tuta. Alichukua taa nyekundu, akaisimamisha treni ya mizigo. Kulipopambazuka tuliona kokoto zimechukuliwa chini ya slipa, urefu wa hatua saba. Wiki ya pili yake akapokea barua ya kumtaka ajieleze kwa nini alichelewesha treni. Hakufukuzwa, lakini vijana wote waliiona ile barua. Je, usiku mwingine nani atainua taa? Wala msisahau Ngai Ndethya, mwaka 1993, maji yalipobomoa daraja na treni ya abiria ikatumbukia. Walikufa watu zaidi ya mia.

Ndugu, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini, ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi atoe habari ya hatari kubwa kwa msimamizi wake, tena inamkataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa kulalamika juu ya jambo la hatari. Lakini sheria iliyo kabatini haisimamishi treni. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kila onyo la hatari liandikwe kitabuni, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyepokea, na nakala moja ije kwa katibu wa tawi.

2. Onyo likipuuzwa, wa pili aliseme tena, na wa tatu pia. Asiachwe mtu mmoja kusema peke yake.

3. Katika mapatano yajayo na mwajiri liwemo neno hili wazi: aliyesimamisha kazi kwa hofu ya kweli, hata ikionekana baadaye kwamba alikosea, haandikiwi barua.

Treni iliyochelewa saa moja hufika. Wale 33 walikuwa na saa zaidi ya sita, tangu simu ya pili hadi meli kuzama, na njia ya kugeukia walikuwa wameonyeshwa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.