Magome ya mkorosho na unyayo wa panya

Msikilizaji wa Chidya, magome ya mkorosho kama ule ulio nyuma ya nyumba yako yameshapimwa maabara. Mwaka 1985 watafiti wa Brazili walichapisha kwamba tanini za magome hayo zilipunguza uvimbe kwa panya.

Uvimbe hupimwaje? Baadhi ya panya hupewa dawa, wengine hawapewi. Kisha unyayo huchomwa sindano ya karajinani, itokanayo na mwani, ndugu wa ule unaolimwa Zanzibar (kivimbishi kutoka baharini, ajabu!). Unyayo huchovywa kwenye kichupa, maji yanapanda kadiri unyayo ulivyovimba, kila saa yanasomwa.

Ila panya si bibi yako mwenye goti bovu. Na mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza vidole vya wabanguaji, hayamo kabisa katika habari hii.