Safari ya Shanta Katika Nchi za Ulaya

Jioni hii tumepewa nafasi ya kuwaeleza habari za safari tuliyoifanya sisi wanafunzi wanne katika nchi za Ulaya, mwezi wa Agosti mwaka 2023. Wawili wetu ni watu wa Tanzania, mmoja ni Mkenya, na mmoja Mganda. Sote tulikuwa tukisoma Ujerumani, katika mji wa Köln, na sote mifuko yetu ilikuwa myepesi.

Watu wengi hudhani ya kuwa kutembea Ulaya ni jambo la matajiri tu. Tajiri hutembea kwa namna yake, lakini iko namna nyingine waliyoizoea vijana wa huko wenyewe, nayo ni kutia nguo chache katika shanta, kulichukua mgongoni, kulala katika hosteli za vijana, kula mkate ulionunuliwa dukani, na kupanda gari la moshi liendalo polepole. Twaliita gari la moshi kwa mazoea. Moshi wenyewe haupo siku hizi, maana mengi huendeshwa kwa umeme.

Hosteli hizo zilianzishwa na mwalimu wa shule, jina lake Richard Schirrmann, aliyekuwa akifundisha katika mji mdogo wa Altena, Ujerumani. Alikuwa na desturi ya kuwatoa wanafunzi wake darasani na kuwatembeza kwa miguu siku nyingi, ili waione nchi yao kwa macho. Mwezi wa Agosti mwaka 1909 walipokuwa njiani, tufani ya mvua na radi iliwakuta, wakajisitiri katika jengo la shule, wakalala juu ya majani makavu. Wanafunzi walipolala, mwalimu alikaa macho akiwaza: mbona shule zote hizi wakati wa likizo hukaa tupu, nazo zingeweza kuwalaza vijana wasafirio? Mwaka 1912 akafungua hosteli ya kudumu katika ngome ya kale ya Altena.

Safari yetu ilianzia huko. Ngome hiyo ipo juu ya kilima, na mto wapita chini yake. Vyumba vya kwanza vya wanafunzi vimehifadhiwa kama makumbusho, pamoja na vitanda vyake vizito vya mbao vilivyopandiana. Mwenzetu Mkenya, aliyesoma shule ya bweni, alivitazama kwa muda mrefu akasema, "Hivi navijua." Na kweli, mtu aliyelala bwenini hana geni la kujifunza katika hosteli: unatandika kitanda mwenyewe, unafunga mali yako kwa kufuli, unaosha sufuria uliyopikia, na jirani akikoroma unavumilia.

Kutoka Altena tulikwenda kusini kwa tikiti ya euro 49, iliyoanzishwa Ujerumani mwezi wa Mei mwaka huo. Kwa tikiti hiyo mtu aliweza kupanda magari yote ya polepole ya nchi nzima kwa mwezi mmoja. Baadaye bei yake ilipandishwa. Tulishuka Kehl, mji ulio kando ya mto Rhine, tukavuka daraja kwa miguu, tukawa Ufaransa, katika mji wa Strasbourg. Hapakuwa na askari wala lango. Hapakuwa na mtu wa kutuuliza tutokako.

Jambo hili hatuna budi kulikalia kidogo. Mji wa Strasbourg ulitwaliwa na Wajerumani katika vita vya mwaka 1870, ukarudi kwa Wafaransa mwaka 1918, ukatwaliwa tena mwaka 1940, ukarudi tena mwaka 1944. Mtu aliyeishi miaka themanini mahali pale aliweza kubadilishiwa bendera mara nne bila kuhama nyumba yake. Katika milima ya Vosges, isiyo mbali na hapo, mwalimu Schirrmann mwenyewe alikuwa askari, na Krismasi ya mwaka 1915 aliona askari wa pande mbili wakiacha kupigana kwa muda na kupeana vyakula. Baada ya vita alirudia kazi yake ya hosteli, na mwaka 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali vikaungana. Mwaka uliofuata Wanazi walishika serikali, wakazitia hosteli za Ujerumani chini ya umoja wa vijana wao, na hatimaye mzee huyo akaondolewa katika kazi aliyoianza. Basi tulipolivuka daraja lile tukila tufaha, tulijua ya kuwa wepesi ule ulinunuliwa kwa bei kubwa.

Kwa mgeni kama sisi wepesi huo una masharti yake. Mwanafunzi mwenye kibali cha kukaa Ujerumani huweza kuzitembelea nchi nyingine za mapatano ya Schengen bila kuomba viza, kwa siku 90 katika kila siku 180. Uingereza haimo. Rafiki yetu mmoja aliyekuwa akisoma huko alitaka kufuatana nasi, lakini yeye ilimpasa aombe viza kwanza, na likizo ikamwishia akingoja.

Sasa tueleze habari za fedha, maana hizo ndizo zilizokuwa nahodha wa safari. Kila mmoja alinunua tikiti ya Interrail. Tikiti hii ilianza mwaka 1972, nayo humruhusu mtu akaaye Ulaya kupanda magari ya nchi nyingi. Sisi tulichukua ile ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi mmoja. Mtu asidhani kwamba tikiti hiyo humaliza gharama. Magari ya kasi ya Ufaransa na Italia hudai ada ya kiti juu yake, na ada hizo zikikusanyika huwa fedha nyingi. Kwa hiyo tuliyaacha, tukapanda yale yanayosimama kila kijiji. Kutoka Uswisi hadi Italia tulipita njia ya zamani ya milimani, tukatazama mabonde ambayo wenye haraka hupita chini yake katika pango refu lenye giza.

Mbali na tikiti, kila mmoja alitoa euro 560, tukazitia katika mfuko mmoja wa bia, akautunza dada yetu, maana ndiye aliyekuwa mkali. Jumla ilikuwa euro 2,240, kwa siku 14, yaani euro 160 kila siku kwa watu wanne: malazi, chakula, na mambo mengine yote. Uswisi kila kitu ni ghali, nasi hatukulala Basel. Tulilala Mulhouse upande wa Ufaransa, tukaingia Basel asubuhi na mikate yetu shantani. Huko wenyeji hutia nguo zao katika mfuko usioingia maji, wenye umbo la samaki, wakaukumbatia na kuelea nao mtoni Rhine kwa furaha kubwa. Tuliwatazama mchana kutwa bila kulipa hata senti, na maji ya kunywa tuliyakinga katika chemchemi za barabarani.

Usiku wa nane tulikuwa Trieste, mji wa bandari mwisho wa Italia. Mfukoni zilikuwamo euro 960. Hapo mwenzetu mmoja akatuita kando. Alikuwa akifanya kazi ya jioni katika ghala moja, na ujira wake wa Julai, alioutegemea, umecheleweshwa mpaka Septemba. Nyumbani mdogo wake alikuwa akingojea karo ya muhula, na shule haikuwa tayari kungoja. Alitaka apewe fungu lake, euro 240, alitume, kisha arudi Köln peke yake kesho yake, nasi tuendelee hadi Vienna na Budapest kama tulivyopanga.

Tulijadiliana hata saa sita ya usiku. Mmoja alisema tumkopeshe. Mwenyewe akakataa, akisema tayari anadaiwa, na deni juu ya deni ni mzigo kuliko shanta. Mwingine alisema yeye ni mtu mzima, na akitaka kurudi aachwe arudi. Ndipo mtunza mfuko akachukua kalamu. Tukitoa euro 240 zitabaki 720, na 720 kwa watu wanne ni siku nne na ziada kidogo. Siku sita haziwezekani kwa wanne, na kwa watatu zinawezekana sawasawa. Hesabu ilikuwa wazi, na kwa hiyo ilikuwa mbaya.

Tuliamua wote wanne twende Ljubljana, ulio karibu, kisha turudi pamoja. Karo ilitumwa asubuhi ile. Dada yetu ndiye aliyepoteza zaidi, kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuuona mji wa Vienna tangu utoto wake. Alikubali, lakini hakufurahi, wala hakujifanya kufurahi. Sisi twaona alikuwa na haki ya kununa.

Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, tulilala katika nyumba iliyokuwa gereza la jeshi wakati wa Yugoslavia, nayo tangu mwaka 2003 ni hosteli. Vyumba vya wafungwa vimepambwa na mafundi wa sanaa, kila kimoja kwa namna yake, lakini nondo za madirishani zimeachwa. Mwenzetu wa karo hakupata usingizi usiku wa kwanza. Usiku wa pili alilala kama gogo, kwa maana habari ilikuwa imefika ya kuwa mdogo wake amepokewa shuleni.

Katika kurudi, mpakani mahali pamoja, askari waliingia behewani. Tangu mwaka 2015 baadhi ya serikali zimerudisha ukaguzi katika mipaka ile ile iliyofunguliwa. Behewa lilijaa watu, nao wakaja moja kwa moja kwetu. Tulitoa pasipoti na vibali, wakavitazama mbele na nyuma, wakavirudisha kwa adabu, wakashuka bila kumwuliza mtu mwingine yeyote. Bibi mmoja mzee aliyeketi mbele yetu aliona haya kwa niaba yao, akatugawia zabibu. Kwa vijana watakaosafiri, twasema tu kwamba hati zikae mwilini, zisikae shantani.

Tulifika Köln usiku. Siku 2 za tikiti zetu zilipotea bure, na katika mfuko zilibaki euro 36, tukagawana tisa tisa. Mwaka uliofuata dada yetu alikwenda Vienna peke yake, akatuletea kadi ya picha yenye maneno manne: Mji ni mzuri sana.

Wasikilizaji, wakati tuliopewa umekwisha. Twawatakia usiku mwema.