Vyombo vya Nje ya Tela

Ndugu madereva na mataniboi, sisi tunaolala Kulamawe, katika barabara ya Isiolo kwenda Modogashe, twajua mwizi hana haja na ufunguo wa gari. Yeye ataka gurudumu la akiba, betri na jeki. Basi tupitishe mnyororo katika tundu la gurudumu hadi kwenye chesisi, sanduku la betri tulitie kufuli, jeki ilale ndani. Kamba tupu ni kumkaribisha! Na nambari za matairi tuziandike kabla ya safari.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyopotea kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Mnyororo uliokatwa na mwizi si kosa letu la kusudi. Tuupeleke polisi, tupewe nambari ya OB, ndipo twende kwa tajiri.